Lancet, BMJ, Boston au Annals? Jarida la kuanza nalo ukitaka kuijua historia ya upasuaji

Kila mwaka hapa chuoni Dodoma wanafunzi wakishaanza kuingia thieta huwa wapo wawili watatu wanaokuja kuuliza, mwalimu hivi haya mambo yalianzaje, nani alianza kumlaza mtu usingizi, nani alisema kidonda kioshwe hivi, nikasome wapi? Jibu langu ni lilelile siku zote, kasome majarida ya zamani yenyewe. Kitabu cha historia ni kizuri ila mwandishi wake tayari anajua mwisho wa stori, anajua nani alikuwa sahihi na nani alibisha bure. Kwenye jarida la zamani unamkuta daktari anaandika huku mgonjwa bado yuko wodini, hajui kidonda kitafunga au kesho ndugu wataitwa, na ukurasa wa pili kuna mwenzake anampinga kwa nguvu zote. Upasuaji umekua hivohivo, mtu anafanya, anaandika, wengine wanajaribu, wanapinga, wanarekebisha, na aliyefanya akakaa kimya mara nyingi dunia haikufaidika naye.

Sasa majarida ni mengi, mda mdogo, na bando nalo linaisha. Kwaiyo nimeyaweka pamoja manne makubwa, Lancet, BMJ yaani British Medical Journal, lile la Boston ambalo leo linaitwa New England Journal of Medicine, na Annals of Surgery, alafu nimeongeza ya kwetu Afrika maana bila hayo picha haikamiliki. Napima kwa mambo matatu tu. Je ukiwa Dodoma unaweza kulifungua bila kulipa? Je linakuonyesha pale walipokosea au ni sifa tupu? Na je unachosoma kinagusa kazi unayoiona thieta leo? Umaarufu sipimi, umaarufu haukusaidii kuelewa.

Kwa mwenye haraka, mimi nasema anza na BMJ. Lancet ina moto zaidi, Boston ina makala moja ambayo huwezi kuiruka, Annals ni ya fundi. Ila wa kuanza naye ni BMJ, na sababu nazileta, ila ngoja kwanza tuongelee Lancet maana ndo jina ambalo kila mtu analijua.

Lancet ilianza London tarehe 5 Oktoba 1823, na aliyeianzisha, Thomas Wakley, alikuwa mpasuaji. Wakati ule hospitali kubwa za London zilikuwa kama mali ya familia chache, ukitaka kumsikiliza mpasuaji mkubwa akifundisha unalipa ada nzito na nafasi za kazi zinapita kwa undugu. Wakley akaanza kuchapisha mihadhara ya Astley Cooper, aliyekuwa mpasuaji mwenye jina kubwa kuliko wote pale, na kuiuza kwa pensi 6. Ghafla kijana wa mbali ambaye hana nauli wala ada anasoma kilekile anachosikia mtoto wa tajiri. Wakubwa hawakupenda kabisa, mmoja wao John Abernethy akaenda mahakamani kuzuia mihadhara yake isichapishwe, zuio likawekwa na baadae likaondolewa. Mimi kwa hili tu namheshimu sana Wakley, maana elimu ya upasuaji ilikuwa imefungiwa ndani na yeye akaivunjia mlango.

Ila kama utasoma kitu kimoja tu kwenye Lancet ya zamani, nakuomba kiwe habari ya mwaka 1828. Mgonjwa anaitwa Stephen Pollard, ana miaka 53, ametoka Sussex kuja Guy's Hospital kutolewa jiwe kwenye kibofu. Kumbuka hakuna nusu kaputi bado, mtu amefungwa mezani yuko macho kabisa. Wapasuaji hodari wa zamani zile walikuwa wanatoa jiwe kwa dakika chache, maana haraka ndo ilikuwa huruma pekee waliyokuwa nayo. Aliyempasua Pollard ni Bransby Cooper, mpwa wa yuleyule Astley Cooper, na kazi ikachukua karibu saa nzima, anabadilisha chombo hiki na kile, jiwe halitoki, mgonjwa anaomba aachwe. Siku ya pili akafariki. Lancet ikachapisha kila kitu, tena kwa mtindo wa mchezo wa jukwaani wenye vitendo, na swali lililokuwa chini ya maandishi yote lilikuwa moja, huyu bwana angepewa kisu kama sio undugu? Cooper akashtaki kwa kashfa akitaka fidia ya pauni 2,000, Wakley akajitetea mwenyewe mahakamani, na baraza likampa Cooper pauni 100 tu. Kisheria Cooper alishinda ila kila mtu alielewa zile pauni 100 zilikuwa na maana gani.

Ukisoma hii utaona jarida la kitabibu linaweza kuwa jicho la mgonjwa. Leo tuna vikao vya kujadili vifo hospitalini, hasa vifo vya akina mama, tunakaa tunauliza nini kilitokea na nani alikuwepo, na ule ujasiri wa kuuliza mbele ya watu ulilipiwa na watu kama hawa. Bado nasema Lancet ya Wakley ina kasoro, ina hasira nyingi, inataja watu majina na kuwatukana, msomaji mgeni anaweza kudhani kila mpasuaji wa London alikuwa mjinga au mwizi na haikuwa hivo. Kwaiyo isome ukijua mwandishi ana vita yake, na vita ilikuwa ya haki, ila ni vita.

Alafu njoo mwaka 1867, Lancet ileile, Joseph Lister wa Glasgow anaanza kuandika mfululizo wa makala kuanzia mwezi Machi kuhusu mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi. Wakati ule mfupa ukitokeza nje kidonda kinaoza karibu kila mara na njia ya kuokoa maisha ilikuwa kukata mguu, na hata kukata kwenyewe kuliua wengi. Mgonjwa wa kwanza anayemweleza ni mtoto wa miaka 11, James, gurudumu la mkokoteni usio na mzigo limempita mguu wa kushoto tarehe 12 Agosti 1865, kidonda urefu wake inchi moja na nusu. Lister akakiosha kwa asidi ya kaboliki, akaweka kitambaa kilicholowa dawa hiyohiyo, akafunga banzi, na siku nne hakugusa. Siku ya nne anafungua. Ukifika hapo kwenye makala na wewe unashika pumzi maana yeye mwenyewe anaandika kama mtu anayenusa kidonda akitegemea uozo, na uozo haupo. Wiki ya sita mfupa umeshika. Dodoma hii yenye bodaboda kila kona, ambapo mguu uliovunjika na kutoboa ngozi ni mgonjwa wa kila wiki, sijui makala gani nyingine ya miaka ya 1860 inaweza kumgusa muuguzi wa thieta kama hii.

Kufungua Lancet ya zamani ndo tatizo. Kwenye tovuti yao wenyewe matoleo ya zamani yanalipiwa, njia ya bure ni kutafuta majuzuu yaliyopigwa picha kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, na hapo unadaunilodi juzuu zima ili usome kurasa nne, bando linalia. Matoleo mapya ni rahisi zaidi kwa walioko chuoni au hospitalini kwa sababu Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinapata majarida bure kupitia Hinari, mpango wa WHO ulioanza mwaka 2002. Muulize mkutubi wako nywila, usione aibu, wengi wanayo na haitumiki.

Na usidhani Lancet ni London tu. Mwaka 1995 walichapisha utafiti wa Kongwa, Kongwa hii yetu, kuhusu kuwaosha watoto nyuso ili kupunguza trakoma. Vijiji viliwekwa kwa jozi, vingine vikapewa dawa ya macho tu, vingine dawa pamoja na kampeni ya kunawa uso iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe, na kwenye vilivyonawa trakoma kali ikapungua kuliko kwenye vile vingine. Naileta hapa kwenye historia ya upasuaji kwa sababu trakoma ikiachwa miaka mingi kope zinapinda kwa ndani zinakwaruza jicho, na hapo dawa haitoshi tena, lazima mtu afanyiwe upasuaji wa kope. Kila bibi wa Ugogo aliyefanyiwa upasuaji huo anatuambia maji na usafi vilichelewa kumfikia. Mwaka 2015 tena Lancet ikatoa ripoti kubwa ya kamisheni ya upasuaji duniani, ikasema watu bilioni 5 hawafikii upasuaji salama wanaoumudu, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi unahitajika kila mwaka. Wakachagua operesheni tatu za kupimia hospitali, kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa kisu, na kutibu mfupa uliotoboa ngozi, na wakataka mtu azifikie ndani ya masaa 2. Angalia hiyo ya tatu, ni ugonjwa uleule wa mtoto James. Sisi Tanzania tukaandika mpango wetu wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 mpaka 2025 kutokana na mjadala huohuo.

Sasa BMJ. Hii ilianza tarehe 3 Oktoba 1840 ikiitwa Provincial Medical and Surgical Journal, na hilo jina la kwanza ndo linanifanya niipende. Ilikuwa ya madaktari wa mikoani. Charles Hastings alikuwa ameanzisha chama chao mjini Worcester mwaka 1832 kwa sababu madaktari wa nje ya London walikuwa hawasikilizwi, na jarida likawa mdomo wao. Jina la British Medical Journal lilikuja 1857. Ukifungua zile za miaka ya 1840 unakutana na daktari wa mji mdogo anaeleza ngiri iliyonasa usiku, hana msaidizi, anamulika kwa mshumaa. Au barua ya mtu anayesema nimejaribu kile mlichoandika wiki iliyopita na kwangu kimeshindikana. Ukiwa unafanya kazi Mpwapwa, Kondoa au Manyoni huyo daktari unamwelewa kuliko unavyomwelewa profesa wa London.

Kwa upande wa upasuaji wenyewe BMJ ina hazina. Hotuba ya Lister aliyoitoa Dublin mwezi Agosti 1867, ile inayoeleza kanuni yake ya kuua vijidudu kwenye kidonda, ilichapwa na BMJ na Lancet pia, kwaiyo kama huna namna ya kuifungua Lancet basi isome BMJ hujapoteza kitu. Mwaka 1880 William Macewen wa Glasgow anaeleza humo jinsi alivyoingiza mpira wa kupumulia kupitia mdomoni badala ya kutoboa koo, na mmoja wa wagonjwa wake akapewa usingizi kupitia mpira huohuo, sasa wewe mtu wa usingizi unayefanya hivo kila asubuhi nenda kasome alivyokuwa anapapasa kwa kidole. Mwaka 1887 Victor Horsley anaeleza wagonjwa kumi mfululizo aliowapasua kichwa.

Ila makala ninayompa kila mwanafunzi kwanza ni ya Lawson Tait wa Birmingham, 1884, wagonjwa watano wenye mimba iliyotunga nje ya kizazi na ikapasuka. Kabla ya hapo mwanamke wa namna hiyo alikuwa anakufa huku daktari amekaa pembeni, tumbo linajaa damu na hakuna anayethubutu kulifungua. Tait anaanza kufungua. Mgonjwa wake wa kwanza alifariki na anaandika hivo wazi, hafichi, anaeleza alipoteza mda kutenganisha vitu badala ya kukimbilia mshipa unaovuja na kuufunga. Mara ya pili anakimbilia mshipa, na wagonjwa wanapona. Muuguzi yeyote aliyewahi kupokea saa nane usiku binti aliyepauka, presha haisomi, tumbo limekaza, akaona daktari wa zamu anakimbia naye thieta, anaelewa kwamba yule binti ana deni kwa kurasa zile. Na cha kushangaza Tait huyuhuyu alikuwa mpinzani mkubwa wa Lister, hakuamini mambo ya kaboliki, yeye alikuwa anategemea usafi mkali tu, na wagonjwa wake walipona sana. Walibishana miaka na miaka humohumo kwenye majarida. Leo tukiangalia tunaona wote wawili walikuwa wanapigana na adui mmoja kutoka pande mbili.

Faida nyingine, na kwa mtu wa Dodoma hii ni kubwa, BMJ ya zamani yote kuanzia 1840 iko bure PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitabibu. Unatafuta jina la mwandishi na mwaka, unafungua makala hiyo moja tu, kurasa tatu au nne. Ni picha za kurasa, maandishi madogo yenye safu mbili, kwa simu ndogo yanachosha macho, kwaiyo kama unaweza daunilodi kwa waifai ya chuo alafu usome kwenye kompyuta. Mimi huwa nawaambia wachapishe karatasi, kurasa nne steshenari hazikuumizi, na ukiwa na kalamu mkononi unasoma vizuri zaidi.

Kasoro ya BMJ ni kwamba ni chama. Kuna kurasa na kurasa za mikutano, posho, uchaguzi wa viongozi, ugomvi wa kujitangaza. Inabidi uchambue. Na haina ule moto wa Wakley, BMJ ilipokuwa inakosoa ilikosoa kwa adabu ya mwanachama mwenzio. Ndo maana nasema Lancet ya 1828 usiiache. Ila kwa kujifunza jinsi watu wa kawaida walivyobadilika polepole, mmoja mmoja, mkoa kwa mkoa, BMJ haina mpinzani.

Boston nitaenda haraka kidogo. Jarida lilianzishwa 1812 na John Collins Warren na James Jackson, likitoka kila miezi mitatu, mwaka 1828 likaungana na jingine likawa Boston Medical and Surgical Journal la kila wiki. Mwaka 1921 chama cha madaktari wa Massachusetts kilinunua kwa dola 1, na jina la New England Journal of Medicine likaja 1928. Makala ya kusoma ni ya Henry Jacob Bigelow ya tarehe 18 Novemba 1846. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 16 Oktoba, daktari wa meno William Morton alimpa mgonjwa mvuke wa etha pale Massachusetts General Hospital, na Warren, yuleyule mwanzilishi wa jarida, akamtoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Bigelow akaandika, habari ikapanda meli, na tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Robert Liston akakata mguu London mgonjwa akiwa amelala. Miezi miwili! Hakuna simu wala nini.

Sasa linganisha na Crawford Long wa Georgia, Marekani, daktari wa mji mdogo, alitumia etha kutoa uvimbe shingoni tarehe 30 Machi 1842, miaka minne na zaidi kabla ya Boston, ila aliandika 1849. Katikati hapo maelfu ya watu wamekatwa miguu wakiwa macho. Simlaumu kama mtu, alitaka kuwa na uhakika na wagonjwa walikuwa wachache, lakini hii inaniuma kila nikiifikiria. Na kuandika tu hakutoshi, inategemea umeandika wapi, Oliver Wendell Holmes mwaka 1843 alieleza kwamba madaktari wenyewe ndo wanabeba homa ya uzazi kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine, miaka minne kabla ya Semmelweis, yule daktari wa kunawa mikono kule Vienna, lakini alichapisha kwenye jarida dogo la Boston ambalo lilikufa mapema, ikabidi atoe upya 1855. Semmelweis mwenyewe alichelewa mpaka 1861 kutoa kitabu. Wakati huo akina mama wanakufa.

Boston ya miaka ya 1800 kwa ujumla siisifii kwa mwanafunzi anayeanza, ukiondoa etha mengi ni ripoti za kawaida na za zamani zinalipiwa kwenye tovuti yao. Ya karibuni ndo ina kitu chetu. Januari 2009 walichapisha utafiti wa ile orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ile tunayosoma kwa sauti kabla ya kuchana ngozi. Ulifanyika hospitali nane duniani na moja ni Ifakara, hapo Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 mpaka 7. Kwaiyo ukimwona mtu thieta anaharakisha ile orodha kama sala ya kukariri, mwambie Watanzania wa Ifakara wako ndani ya ushahidi huo.

Annals of Surgery ilianza 1885, ya kwanza ya Kiingereza kushughulika na upasuaji tu, na mhariri wake Lewis Pilcher alikaa nayo karibu miaka 50. Wajerumani walishatangulia na la kwao la Langenbeck tangu 1860, ila lugha inatukwamisha. Annals haina stori za mahakamani wala barua za malalamiko, ni mikono inafanya kazi. Mwaka 1894 peke yake una McBurney anaeleza namna ya kuchana tumbo kufikia kidole tumbo kwa kuachanisha misuli bila kuikata, na Halsted wa Baltimore anatoa matokeo ya upasuaji wake mkubwa wa saratani ya titi. McBurney tunaye mpaka leo, Halsted tumemwacha, ule upasuaji wake ulikuwa unaondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa, na dunia ilikuja kugundua baadae kwamba wanawake wengi wanaweza kupona kwa kukatwa kidogo zaidi. Zisome hizo mbili kwa pamoja uone jinsi makala zenye uzito sawa siku ya kutoka zinavyoweza kuishi maisha tofauti kabisa. Annals ya zamani nayo iko PubMed Central bure. Ila kama hujawahi kushika hata uzi wa kushonea nakushauri usubiri, utachoka ukurasa wa pili, ni majina ya misuli mwanzo mwisho.

Tuje Afrika. Msimamo wangu ni kwamba anayesoma hayo manne tu ataamini upasuaji uliletwa kwetu kwenye sanduku. Tafuta Edinburgh Medical Journal ya 1884, makala ya Robert Felkin. Mwaka 1879 alikuwa Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo, akashuhudia mama anazalishwa kwa kisu na mtaalamu wa palepale. Mama kapewa pombe ya ndizi mpaka kalegea, mpasuaji ananawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuosha tumbo la mama, anachana, msaidizi anachoma penye kuvuja kwa chuma cha moto, mtoto anatoka, kidonda kinabanwa kwa vipini saba vya chuma vilivyozungushiwa nyuzi za gome la mti, juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kimefunga, mama mzima. Ulaya wakati huohuo mama aliyepasuliwa hivo alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuamka. Yule fundi wa Bunyoro jina lake halimo kwenye makala, tunajua jina la aliyetazama tu, na mimi hilo naliona ni hasara ya moja kwa moja ya kutokuwa na jarida letu.

Ya karibuni kidogo, Denis Burkitt akiwa mpasuaji Mulago, Kampala, aliandika 1958 kwenye British Journal of Surgery kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, mwanzoni haikusomwa sana. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari chakavu wakaizunguka Afrika mashariki na kusini wiki kumi, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo upo. Na Christiaan Barnard alipopandikiza moyo Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, ripoti yake ilitoka South African Medical Journal tarehe 30 mwezi huohuo, hakuikimbiza London wala Boston. Mgonjwa aliishi siku 18. Ripoti hiyo ni bure pia.

Kwa ya hapa jirani kuna East African Medical Journal, iliyoanzia Kenya 1923, na kwa wapasuaji wenyewe East and Central African Journal of Surgery. Hazina majina makubwa ila zinaongelea utumbo uliojisokota, mama mwenye fistula, mtoto aliyeungua kwa uji, thieta ambayo umeme umekatika. Kama uko hospitali ya wilaya na unataka kusoma kitu ambacho asubuhi unaweza kukifanyia kazi, anza na hiyo ya mwisho, alafu jioni rudi kwa Tait.